Mgongo Unaouma Usiku: Si Kila Uvimbe wa Mfupa ni Saratani

Safari hii tunazungumzia mgongo. Najua utasema, "Aa, mgongo ni mambo ya wazee!" Subiri kidogo. Kuna ugonjwa mmoja wa mifupa ya mgongo ambao huwapata zaidi watu wa umri wako, yaani walio chini ya miaka 20. Sio ugonjwa wa kila siku, ni wachache wanaoupata. Lakini ukichelewa kugunduliwa unaweza kumpoozesha mtu miguu, na ukigunduliwa mapema mtu anatibiwa na kurudi darasani. Ndiyo maana tumeona tusome pamoja jinsi unavyogunduliwa.

MFANO KUTOKA NJIA PANDA

Tuanze na mfano. Binti huyu tumemtunga ili tujifunze naye, lakini mambo yake wengi mtayatambua. Ana miaka 15, yuko kidato cha pili, na anaishi Misigiri, pale njia panda ya kwenda Kiomboi kwenye barabara kuu ya Singida na Nzega. Asubuhi anabeba ndoo ya lita 20, jioni anasaidia kupalilia alizeti.

Mgongo ulianza kumuuma mwezi wa pili. Mama akasema, "Pumzika mwanangu, ni hizo ndoo." Akapumzika, maumivu yakabaki palepale. Yakaanza kumwamsha usiku. Mwezi wa tatu bibi akamkanda kwa maji ya moto. Mwezi wa nne jirani akasema yupo fundi wa kuvuta mgongo, jirani mwingine akanong'ona kwamba mtoto karogwa. Mwezi wa tano, akiwa njiani kwenda shule, kandambili ya kushoto ikamvuka mguuni. Akatembea hatua kadhaa bila kujua kwamba yuko peku.

Siku hiyohiyo mama akampeleka zahanati.

"Shikamoo, daktari."

"Marahaba, binti yangu. Unasumbuliwa na nini?"

"Mgongo. Na huu mguu unakufa ganzi."

"Mgongo unauma ukifanya kazi tu, au hata ukilala?"

"Hata nikilala. Usiku ndio unazidi."

Mganga akamwambia atembee kwa visigino, halafu kwa ncha za vidole. Kwa visigino alishindwa mguu wa kushoto. Mganga akachukua kalamu akaanza kuandika barua ya rufaa. "Mama," akasema, "hili sio la kusubiri mnada upite. Mwende Kiomboi leo."

Kwa nini mganga alikuwa na haraka hivyo? Twende polepole.

JE, MGONGO UMEJENGWAJE?

Uti wa mgongo umejengwa kwa pingili zilizopangwa moja juu ya nyingine. Shingoni zipo 7, usawa wa mbavu 12, kiunoni 5. Chini yake kuna zilizoungana kutengeneza mfupa wa nyonga kwa nyuma na kifandugu. Kila pingili ina sehemu mbili kubwa: mbele kuna kipande kinene kinachobeba uzito, na nyuma kuna upinde wa mfupa wenye vijiti unavyovigusa ukipapasa mgongo wa mwenzako.

Katikati ya sehemu hizo mbili kuna tundu. Ukizipanga pingili zote, matundu yanakuwa kama bomba. Ndani ya bomba hilo hupita ugwe mgongo, yaani njia kuu ya mawasiliano kati ya ubongo na mwili. Amri ya "inua mguu" inashukia humo, na taarifa ya "kandambili imevuka" inapandia humo. Bomba hilo halina nafasi ya ziada. Kitu chochote kikiota ukutani mwake, anayebanwa ni ugwe mgongo.

UVIMBE HUU NI KITU GANI?

Tunaouzungumzia leo ni kifuko cha damu ndani ya mfupa. Madaktari wanakiita sisti ya anyurismu. Walioutambulisha kama ugonjwa wa peke yake ni Jaffe na Lichtenstein wa Marekani, mwaka 1942.

Wewe wa Singida unalijua sega la nyuki. Lina vyumba vingi vyenye kuta nyembamba, na ndani kuna asali. Sasa fikiria sega limeota ndani ya mfupa, na badala ya asali kuna damu. Vyumba hivyo vinakula mfupa kwa ndani na kuusukuma utanuke. Kwa nje linabaki ganda jembamba kama la yai. Kwenye mgongo kifuko huanzia mara nyingi kwenye ule upinde wa nyuma, halafu kinaweza kusogea hadi kwenye kipande cha mbele.

Je, ni saratani? Hapana. Hakisambai mwilini kama saratani, hakihamii kwenye ini wala mapafu. Lakini kutokuwa saratani sio sawa na kutokuwa na madhara. Kinaweza kuvunja pingili, kupindisha mgongo, au kubana ugwe mgongo.

Je, kinasababishwa na nini? Mwaka 2004 watafiti walionyesha kwamba wagonjwa wengi wa aina hii wana jini moja, iitwayo USP6, iliyohama mahali pake ndani ya chembechembe za uvimbe wenyewe. Mabadiliko hayo hutokea kwenye uvimbe tu. Hukuyarithi kwa wazazi na hutawarithisha wanao. Haviambukizi. Na hakuna mtu aliyekutupia kitu. Kama uligundua maumivu baada ya kuanguka na baiskeli, usikimbilie kusema baiskeli ndiyo iliyoleta. Mara nyingi mwanguko unafanya tu tuukumbuke mgongo ambao tayari ulikuwa na tatizo.

KWA NINI JINA LA UGONJWA NI MUHIMU?

Hapa ndipo penye kiini cha somo letu, kwa hiyo soma taratibu.

Chukulia vijana watatu wamefika hospitali siku moja. Wote wanaumwa mgongo, wote miguu imeanza kulegea. Kwa macho huwezi kuwatofautisha.

Wa kwanza ana kifua kikuu cha mgongo. Wengi wanadhani TB ni ya mapafu peke yake, kumbe inashambulia hata pingili. Daktari Mwingereza Percivall Pott aliueleza ulemavu huu mwaka 1779, na hadi leo TB ni moja ya mambo ya kwanza ambayo daktari wa kwetu lazima ayafikirie. Dawa yake ipo, na katika vituo vya serikali hutolewa bure.

Wa pili ana uvimbe wa Burkitt. Denis Burkitt alikuwa daktari wa upasuaji Mulago, Kampala, na mwaka 1958 aliandika kuhusu uvimbe wa taya kwa watoto wa Afrika. Uvimbe huo ni saratani, huweza pia kubana ugwe mgongo, na huwapata zaidi watoto wadogo. Lakini unasikia sana dawa za saratani, na wengi hupona kwa dawa hizo.

Wa tatu ana kifuko cha damu, na huyu mara nyingi anahitaji upasuaji.

Umeona? Ukimpa wa tatu dawa za TB, atazimeza miezi huku kifuko kinaendelea kukua. Ukimwambia, "Una saratani, rudi nyumbani ukapumzike," umemhukumu mtu anayeweza kupona. Na ukimvuta mgongo mmoja wao, pingili iliyobaki ganda inaweza kupasuka na kukata mawasiliano ya miguu moja kwa moja. Maumivu ni yaleyale, lakini matibabu ni matatu tofauti. Kwa hiyo kabla ya tiba, jina la ugonjwa lithibitishwe.

UNAGUNDULIWAJE? HATUA KWA HATUA

1. Maswali. Maumivu yalianza lini? Yanakuamsha usiku? Una homa, kikohozi, umekonda, unatoka jasho usiku? Kuna mwenye TB nyumbani? Unakunywa maziwa mabichi? Usishangae kuulizwa la maziwa. Maziwa yasiyochemshwa yanaweza kuleta bruselosi, na yenyewe inashambulia mgongo. Jibu ukweli, hata kama mama amekaa pembeni.

2. Kupimwa mwili. Daktari atagongagonga pingili zako kwa kidole, ataangalia kama mgongo umepinda, atapima nguvu za miguu, atakugusa kujua wapi hausikii, na atagonga goti kwa kinyundo. Dakika chache hizo zinaweza kumwonyesha pingili ya usawa gani ina matatizo.

3. Damu. Vipimo vya damu vinaweza kuonyesha dalili za maambukizi. Kwenye kifuko cha damu mara nyingi majibu yanakuwa ya kawaida. Lakini kumbuka, damu nzuri haimaanishi mgongo mzuri.

4. Picha ya eksirei. Hii inapatikana kwenye hospitali nyingi za wilaya. Kwa mbele, kila pingili inaonekana kama uso wenye macho mawili. Uvimbe ukila upande mmoja, jicho moja linapotea. Madaktari wanaita alama hiyo "bundi anayekonyeza". Usiogope, huyu sio bundi wa juu ya paa! Anasema tu kwamba kuna kitu kimekula mfupa. Ni kitu gani, hasemi, kwa sababu saratani nayo huweza kufanya hivyohivyo. Jambo jingine: mfupa unaweza kuwa umeliwa sana ndipo eksirei ionyeshe. Kwa hiyo kama picha ni safi lakini maumivu yanaendelea, rudi tena.

5. CT skani na MRI. CT skani inaonyesha mfupa vizuri, hata lile ganda la yai. MRI inaonyesha ugwe mgongo na kama umebanwa. Mashine hizi hazipo kila wilaya. Mgonjwa wa kwetu anaweza kupewa rufaa kwenda Hospitali ya Benjamin Mkapa, Dodoma, au Taasisi ya Mifupa Muhimbili, MOI, iliyoanzishwa kwa sheria ya mwaka 1996 kwa ajili ya mifupa, ubongo na mishipa ya fahamu.

Hapa kuna jambo zuri la kujua. Umewahi kuacha dumu la mafuta ya alizeti yaliyotoka kukamuliwa bila kulitikisa? Mashapo yanashuka chini, mafuta safi yanabaki juu, na katikati unaona mstari. Damu iliyosimama ndani ya vile vyumba hufanya hivyohivyo mgonjwa anapolala kimya. Chembechembe nyekundu zinazama, maji yanabaki juu. Kwenye MRI inaonekana mistari hiyo, chumba baada ya chumba. Daktari akiiona anasema, "Hiki huenda ni kifuko cha damu."

Nimesema "huenda". Kuna aina moja ya saratani ya mfupa, osteosakoma yenye vyumba vya damu, ambayo inatoa mistari ileile. Ndiyo maana picha peke yake haitoshi.

6. Kuchukua kinyama. Daktari anachukua kipande kidogo cha uvimbe, kwa sindano maalumu au kwa upasuaji, na mtaalamu wa maabara anakiangalia kwa darubini. Hapo hapo kinaweza kupimwa na TB. Wakati mwingine sindano inatoa damu tupu bila kinyama cha kutosha, ikabidi irudiwe. Daktari akisema hivyo, usidhani anakuchezea.

Wengi wanaogopa: "Ukigusa uvimbe kwa chuma unasambaa!" Sio hivyo. Kipimo hiki kinapangwa na wale watakaofanya upasuaji, wanachagua hata njia ya kupitisha sindano. Hatari kubwa zaidi ni kutibu uvimbe usiojulikana.

Angalizo: kama miguu inazidi kulegea, hatua hizi hazifuatwi kwa mwendo wa kinyonga. Madaktari wanaweza kuamua kuondoa kwanza kinachobana, na kinyama kikapimwa baadaye.

JE, KINATIBIKA?

Ndiyo. Mara nyingi kifuko kinakwanguliwa au kuondolewa chote kwa upasuaji, na pengo linajazwa kwa kupandikiza mfupa. Pingili ikiwa dhaifu inafungwa kwa vyuma. Kwenye hospitali zenye vifaa, mishipa inayolisha kifuko inaweza kuzibwa kabla ya upasuaji ili damu isimwagike nyingi. Kuna pia dawa za kuchoma kwa wagonjwa fulani.

Tatizo moja ni kwamba kifuko kinaweza kurudi, hasa ndani ya miaka 2 ya mwanzo. Kwa hiyo kliniki za kurudia sio za kupoteza nauli. Nenda hata kama husikii maumivu.

Na ugwe mgongo? Ukibanwa kwa muda mfupi, nguvu za miguu zina nafasi nzuri ya kurudi. Ukibanwa muda mrefu, unaweza usirudi kamwe, hata kifuko kikiondolewa chote. Sasa umeelewa kwa nini yule mganga hakutaka kusubiri mnada.

LINI UENDE HOSPITALI?

Wengi wenu mnaoumwa mgongo hamna uvimbe wowote. Ni kubeba mizigo, kukaa vibaya, au kucheza mpira bila kupasha misuli. Maumivu hayo hupungua ndani ya wiki chache. Lakini nenda ukaonwe kama:

– maumivu yanazidi wiki 3 au 4, au yanaongezeka badala ya kupungua;
– yanakuamsha usiku hata kama hukufanya kazi;
– mgongo umeanza kupinda au kutoa kinundu;
– una homa, jasho la usiku, au unakonda.

Nenda siku hiyohiyo, usilale, kama:

– mguu unalegea, unajikwaa au unashindwa kutembea;
– unakufa ganzi miguuni au sehemu unayokalia;
– mkojo au haja kubwa inagoma, au inatoka bila kutaka.

Mgonjwa wa namna hiyo msimpakie bodaboda. Mlazeni chali kwenye gari, mgongo umenyooka, na akigeuzwa ageuzwe mwili mzima kwa pamoja.

KUHUSU NYUMBANI NA PESA

Bibi akisema nikukande, anakupenda. Usimjibu vibaya. Mwambie, "Bibi, naomba kwanza tukapige picha, halafu tutajua kama kukanda kunafaa." Lakini kuvutwa, kukanyagwa au kuchanjwa chale mgongoni kabla hujapimwa, kataa kwa heshima. Ukishindwa kusema mwenyewe, mwombe mwalimu wa afya akusindikize nyumbani.

Pesa nazo ni tatizo la kweli. MRI na nauli ya Dodoma sio mchezo. Kama familia ina bima, chukueni kadi na barua ya rufaa toka mwanzo. Kama haina, ulizeni ofisi ya ustawi wa jamii hospitalini kabla ya kukata tamaa. Wapo pale kuwasikiliza wasio na uwezo. Na picha zote mlizopiga zitunzeni zikiwa kavu, mwende nazo kila mnakokwenda. Daktari wa mbele anahitaji kulinganisha.

Usisahau masomo. Mwenzako akilazwa, mpelekee daftari. Akirudi na mkanda wa kiuno au magongo, msimcheke wala kumwita jina. Mbebeeni begi.

MASWALI YA KUJIPIMA

1. Kifuko cha damu cha mfupa si saratani. Kwa nini bado ni hatari kikiwa kwenye mgongo?
2. Eksirei imeonyesha "bundi anayekonyeza". Je, daktari ameshajua jina la ugonjwa?
3. MRI imeonyesha mistari ya damu iliyotuama. Kwa nini bado kinyama kinahitajika?
4. Rafiki yako ameanza kujikwaa na mgongo unamuuma mwezi wa tatu sasa. Utamwambia nini yeye, na utamwambia nini mama yake?

Majibu: (1) Kinaweza kuvunja pingili na kubana ugwe mgongo, mtu akapooza. (2) Hapana. Amejua tu kwamba mfupa umeliwa. TB, saratani na kifuko vyote bado vinafikiriwa. (3) Kwa sababu kuna saratani ya mfupa inayotoa mistari kama hiyo. (4) Hili tunawaachia mjadili darasani. Mmoja aigize mama, mwingine aigize bibi, na wa tatu amweleze kila mmoja kwa heshima mpaka wakubali kwenda hospitali leo, sio kesho.

Haya, somo limekwisha. Mpe na mwenzako asome. Tukutane toleo lijalo!